Sufuria, Mbwa na Maji Saba

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na paka. Kwenye nyumba yenye paka, mgeni akiingia mwenyeji ndiye anayeanza kuumwa. Ataambiwa ana pumu ambayo mwenyewe bado hajaijua. Utaokotwa unyoya mmoja kwenye kochi, ushikwe kwa ncha za vidole viwili na kuelekezwa dirishani ili wote wauone. Kisha ataulizwa, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi, "Na huyu naye analala humu humu?"

Kwetu wako wawili. Paka anaitwa Diwani, kwa kuwa huonekana siku ya shughuli, na akishakula humwoni tena mpaka shughuli nyingine. Mbwa anaitwa Kamanda, cheo alichopewa na watoto kabla haijajulikana kuwa anaogopa radi, fataki na majogoo. Tunaishi Magomeni, Dar es Salaam, kwenye nyumba ambayo uwa wake baba watoto aliusakafia kwa saruji toka ukuta hadi ukuta ili tupumzike na tope. Na kweli tulipumzika. Aliyepata taabu ni Diwani, maana paka hawezi kufukia haja yake kwenye saruji, ikabidi ahamishie shughuli hiyo nje ya mipaka yetu. Tukashukuru, hatukufuatilia.

Siku za kawaida tuna sheria chache. Kamanda havuki kizingiti cha jikoni. Diwani hapandi mezani wala kitandani. Vibakuli vyao vina dodoki lake na huoshwa nje. Kamanda ameamua kuitii sheria yake kwa kulala juu ya kizingiti chenyewe, kichwa ndani mkia nje, na Diwani huzivunja zake mbili kwa zamu. Mambo yanakwenda. Kinachotibua ni harusi.

Mdogo wangu alipopata mume, nyumba yetu ndiyo ikawa makao makuu. Baba yetu ni mtu wa Pangani, mama ni wa Marangu, kwa hiyo shughuli zetu hukutanisha msala na Biblia, pilau na machalari, na kila upande huja na mzigo wake wa ndizi au nazi pamoja na maoni yake. Safari hii upande wa Pangani uliongozwa na Shangazi, mwanamke wa swala tano na madhehebu ya Imamu Shafii. Upande wa mlimani uliongozwa na Mjomba, mzee wa kanisa, asiyevua viatu mlangoni kwa sababu kwao baridi haikuwahi kumruhusu. Katikati akaja Wifi, dada wa mume wangu, kutoka Dodoma, akiwa na ujauzito unaoonekana na simu yenye bando la mwezi mzima.

Nilitarajia wote watatu wataungana dhidi ya wanyama, niombe radhi mara moja yaishe. Hawakuungana. Asubuhi ya kwanza Shangazi alijitekea maji ya udhu kwenye kopo, akaliweka barazani, akageuka kukunja mikono ya gauni. Diwani akatokea asikotokea, akainama, akanywa. Mimi nikakimbilia kopo. Shangazi akanizuia kwa kiganja, akamsubiri paka amalize, kisha akatawadha kwa maji yale yale, taratibu, kiungo kwa kiungo.

Mjomba alikuwa dirishani na mswaki mdomoni. Shangazi akamweleza bila kuulizwa: paka si najisi. Sahaba Abu Qatada aliletewa maji ya udhu na mkwewe Kabsha, paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe, akasema Mtume amefundisha kuwa paka ni katika wanaotuzungukia majumbani mwetu. Tena mpokezi mashuhuri wa hadithi, Abu Huraira, jina lake hilo lilitokana na kipaka. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akatema povu, akaja jikoni kuniuliza kwa kunong'ona kama naweza kumpatia kikombe chenye mfuniko.

Yeye ugomvi wake na paka ni wa makochi. Mnyama wa ndani, anasema, anamwaga manyoya, manyoya yanaingia kwenye chai, chai inaingia kifuani. Ukimkumbusha kuwa yeye amezaliwa kwenye nyumba ya Kichagga ya zamani, ile ya majani, ambamo ng'ombe na mbuzi walilala chini ya paa moja na watu, anakujibu kuwa ng'ombe anatoa maziwa na mbolea, na joto lake usiku ni zuri. "Huyu wenu anatoa nini?" Kwa upande wa mbwa hana neno. Alipokaa barazani, Kamanda alimlamba mkono wa kulia toka kiwiko hadi kucha, na Mjomba akaendelea na habari aliyokuwa anaisimulia. Kuanzia hapo Shangazi akawa anamsalimia kwa mbali, mkono kifuani, mtandio umevutwa mpaka kidevuni. Mjomba aliichukulia hiyo kuwa ni heshima ya watu wa pwani, na akawasifia hata kwa simu huko Marangu.

Wifi yeye hakuwa upande wowote, alikuwa upande wa simu. Alinisomea habari za toksoplazma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya saa mbili, akataka Diwani aondolewe mtaani kabisa. Sikumbishia moja kwa moja, kwa sababu ana hoja: kimelea hicho kipo, hupitia kinyesi cha paka, na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni ikiwa mama anaambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito. Ndiyo maana mjamzito huambiwa asishike uchafu wa paka. Nikamwahidi kwamba hatashika. Lakini simu hiyo hiyo, akiteremka aya mbili chini, ingemwambia kuwa kimelea hicho huingia mwilini pia kupitia nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kiligunduliwa Tunis mwaka 1908 na Nicolle na Manceaux ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, na paka alikuja kuunganishwa kwenye kesi hiyo karibu mwaka 1970. Haya niliyasema jioni, wakati Wifi akiwa na mshikaki wa nne mkononi, nyama ikiwa bado nyekundu kwa ndani, na kachumbari iliyokatwa na kijana ambaye hakuna aliyemwona akinawa. Akaniangalia, akatafuna, akasema mtoto ndiye anayetaka.

Baba watoto kipindi chote hiki alikuwa "anafuatilia mahema." Sijapata kuona mahema yanayofuatiliwa namna ile.

Basi ikafika siku yenyewe ya pilau. Masufuria makubwa ya kukodi yalipangwa uwani, mafiga tayari, kuni tayari. Kwenye moja tuliloweka nyama na tangawizi na vitunguu saumu usiku kucha. Nyama ikahamishwa, mchuzi wa viungo ukabaki chini. Kelele niliyoisikia haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya ulimi kwenye aluminiamu. Nikatoka, nikamwona Kamanda nusu ya nyuma tu, nusu ya mbele ikiwa ndani ya sufuria, mkia ukipepea kwa furaha ambayo hajawahi kuionyesha kazini.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema neno moja: "Saba." Mara saba kwa maji, ya kwanza kwa udongo. Mjomba akasema sabuni ya mche na maji ya moto vinatosha, tena moto wa kuni utamaliza kilichobaki, "tunakwenda kupika pilau, shemeji, hatuendi kufanya upasuaji." Wifi akataka jiki. Binamu yetu mmoja aliyewahi kukaa Khartoum akajitokeza na habari kwamba kwa Imamu Malik mate ya mbwa wala si najisi. Shangazi akamgeukia. "Na huyo huyo Malik akasema chombo kioshwe mara saba. Nyinyi mnasoma nusu ukurasa." Binamu akakumbuka kuwa ana kazi ya kwenda kusaidia mahema.

Bomba siku hiyo lilikuwa linatoa upepo. Nikamwita muuza maji mwenye mkokoteni, tukaanza kushusha madumu. Maji yakawepo. Udongo je? Tulitazamana, kisha tukatazama uwa: saruji huku, saruji kule, saruji mpaka chini ya kamba ya kuanikia. Ile nyumba isiyo na tope haikuwa na hata konzi ya udongo wa ibada. Nikamtuma mwanangu wa kiume na ndoo. Akarudi upesi mno, ndoo imejaa mchanga mzuri, mweupe, mkavu. Shangazi akausugua vidoleni, akaridhika, akajifunga kanga kiunoni. Wakasugua kwa mchanga na maji, wakamwaga. Wakasuuza, wakamwaga. Muuza maji akihesabu kwa sauti kuliko wote.

Walikuwa kwenye josho la tano Wifi alipouliza, kwa uvivu tu wa mtu aliyekaa kivulini, mchanga huo mtoto kautoa wapi.

"Kwenye lile rundo la jirani anayejenga," mwanangu akajibu. "Anapoendaga Diwani."

Mikono ikasimama ndani ya sufuria. Mjomba akaanza kucheka kimya kimya, mabega tu, mpaka akavua kofia na kujifunika nayo uso. Wifi akahama kiti, upande wa pili wa uwa, akiwa ameshika tumbo. Macho yote kwa Shangazi, mtetezi wa paka. Naye hakuyumba. Paka ni safi, akasema, mavi yake si safi. Na udongo usio safi haumsafishi mtu wala chombo. Akamimina kilichobaki. "Moja," akaanza upya.

Udongo wa awamu ya pili ulitoka kwenye ndoo yangu ya mchaichai, mmea niliokuwa nimeulea toka masika. Nao uling'olewa kwa bismillahi. Maji ya awamu ya pili aliyalipia Mjomba, akisema kicheko kile kimezidi thamani ya madumu. Shangazi alipofika saba, Mjomba naye akaomba ridhaa, akasugua kwa sabuni yake na stilwaya mpaka masizi ya nje. Wifi akamalizia kwa birika la maji yanayochemka, akimimina kwa mbali, mkono umenyooka. Pilau lilichelewa, wazee wakala saa kumi, lakini hakuna aliyeugua. Tatizo lilikuja kesho yake wakati wa kurudisha vyombo: mwenye masufuria alilikataa lile moja. Alisema lake lilikuwa jeusi.

Nimefikiri sana juu ya lile juma la ugeni, hasa nikitazama ndoo yangu tupu ya mchaichai. Kila mmoja alikuja na uchafu wake anaouona na mwingine asiouona. Shangazi anayekwepa mkono wa Mjomba ana kuku wanaolala jikoni kwake Pangani, na mmoja hutagia ndani ya kapu la nguo. Mjomba anayeogopa unyoya kwenye chai alipita sebuleni kwetu na viatu vilivyotoka kituo cha mabasi. Wifi na mishikaki yake tumeshamwona. Na mimi, ambaye Diwani akilala kwenye kochi naona ni pambo, nilishindwa kulala usiku kucha kwa sababu mgeni mmoja alikaa kwenye shuka zangu na suruali aliyosafiria.

Na katika mabishano yote yale, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo afisa mifugo angeliuliza kwanza: huyu mbwa amechanjwa? Tulipigania mate yaliyo kwenye sufuria, ilhali mate ya kuogopwa ni yale yanayoingia kwa meno. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kadi ya chanjo ya Kamanda ilikuwa imebandikwa ukutani, mwaka hadi mwaka, na wageni waliitundikia mikoba. Ninachokifurahia ni kwamba dawa ya kwanza ya kung'atwa ingewapatanisha wote watatu: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kwa chanjo. Sabuni ya Mjomba, maji mengi ya Shangazi, na mbio za Wifi.

Sasa tumealikwa Pangani, Shangazi anamwoza mjukuu wake. Mjomba ameshathibitisha, Wifi anakuja na mtoto. Baba watoto ameanza kuulizia kuku, kama bado wanalala pale pale, na kama itakuwa vibaya tukienda na vikombe vyetu. Nimemwambia vikombe abebe, maneno ayaache Magomeni. Mimi nimeshafungasha shuka.