Siena Wana Mnara, Bangale Tuna Lori Bovu

Tangu mpwa wangu arudi kutoka Malindi, alikokuwa akimfanyia kazi Mtaliano mmoja, hapa Bangale hatupumui. Ukilalamikia vumbi la mnadani, anakudakia: "Mjomba, ungeiona Piazza del Campo!" Nitaionea wapi, na nauli ya Madogo tu inanitoa jasho?

Basi nimesomeshwa kwa nguvu. Uwanja huo uko Siena, kwao Italia, na ulianza kama wetu, pahali pa soko. Kisha mji ukatawaliwa na baraza la watu tisa. Uwanja ukatandikwa matofali, ukagawanywa mafungu 9 ili mpita njia asisahau wakubwa walikuwa wangapi. Kazi ilikwisha mwaka 1349. Lakini tayari mwaka 1297 walikuwa na sheria ya namna madirisha ya nyumba zinazoutazama uwanja yatakavyokuwa. Madirisha! Hapa kwetu muuza soda anasogeza mabati yake mbele kila mvua inaponyesha. Bahati yetu mvua ni haba, la sivyo angeshafika Garissa.

Maji je? Waliyachimbia mahandaki ya kilomita kama 25, yakatokea uwanjani karne ya 14. Sisi Mto Tana ni wa kaunti yetu hata kwa jina, lakini maji yanakuja kwa bouza, dereva akikumbuka.

Wana pia mnara wa karibu mita 90, Torre del Mangia. Mpiga kengele wake wa kwanza alisifika kwa kutafuna mapato yake yote, na mnara ukabaki na lakabu yake. Hapo sikushangaa. Walaji wetu nao wana majina kwenye mabamba ya uzinduzi, ila wao hawali mapato yao.

Nilichoshindwa kumeza ni mbio za farasi. Kila tarehe 2 Julai na 16 Agosti wanamwaga udongo juu ya matofali yale mazuri (sisi udongo tunao bure), farasi 10 wanazunguka mara tatu bila tandiko, na farasi akimwangusha mpandaji kisha akatangulia, ushindi ni wake. Mzee mmoja, dalali wa ng'ombe, akauliza mshindi anapata nini. Akaambiwa kitambaa cha hariri kilichochorwa. Mzee akatafuna mswaki wake kwa muda, akauliza: "Na farasi hauzwi?" Akaambiwa hauzwi. Akainuka, akaenda zake.

Kwani ya nini kwenda mbali? Ukipita Garsen ukashika njia ya Lamu, utaukuta uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, ikawa gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho. Wazee wanakaa kivulini wakizungumza. Mashindano ya punda pia wanayo, wakati wa Maulidi.

Sisi pale katikati ya uwanja tuna lori la mkaa lililokufa gia. Mbuzi wanalala chini yake, madalali wanapatana bei ubavuni mwake, na wageni wanaelekezwa, "Ukifika kwenye lori, kata kushoto." Juzi nimemwona mpwa wangu akilipiga picha.

Mwenye lori, popote ulipo, njoo ulichukue kabla halijapewa jina la mtu. Na wewe wa soda, lori likiondoka, usithubutu kusogea.