Hatifungani ya Kijani Nayo Ipange Foleni

Waheshimiwa Wadhamini wa Mfuko wa Pensheni (jina la Mfuko nalisitiri kwa adabu),

YAH: OMBI LA UWEKEZAJI WA KIJANI KUHAKIKIWA KAMA WANAVYOHAKIKIWA WASTAAFU

Baada ya salamu zenye taadhima, na baada ya kumhimidi Mola aliyenifikisha mwaka huu tena bila ya kunidai fomu, nawapongeza kwa kitabu chenu cha mwaka. Nimekisoma chote, kurasa za hesabu na kurasa za picha, na ingawa za picha ni nyingi zaidi sikuona dhiki, kwa kuwa karatasi yake ni nzito, yang'aa, na haikunjiki ovyo. Na nimefurahi mno kuarifiwa kwamba fedha zangu, zilizokatwa katika mshahara wa ualimu mwezi baada ya mwezi kabla mkono wangu haujazigusa, hivi sasa zinapoza joto la dunia. Sikujua kama chaki ina baraka kubwa namna hiyo.

Mmeandika kwamba mnakwenda na wakati, na hilo halina shaka. Tangu Kofi Annan alipopiga kengele ya Soko la Hisa la New York, Aprili 2006, kuzindua kanuni sita za uwekezaji wenye kujali mazingira, jamii na utawala bora, mifuko na mabenki yamemiminika kutia saini. Na mwaka 2021, kule Glasgow, wenye mali wa dunia walitangaza kwamba dola trilioni 130 zimeungana kuimaliza hewa chafu, tangazo lililopokelewa kwa makofi makubwa, ambayo mwangwi wake ulikuwa haujaisha wakati mabenki makubwa ya Marekani yalipoanza kujitoa moja baada ya jingine, hata muungano wa mabenki uliokuwa nguzo ya ahadi ile ukajifunga wenyewe Oktoba 2025. Mwaka 2023, mwezi wa Juni, vilitolewa viwango viwili vya kimataifa vya namna kampuni zitakavyoeleza hatari za uendelevu na za tabianchi katika hesabu zao, navyo mmevitaja katika ukurasa wenye picha ya mtoto aliyeshika mche. Yote haya ni mema. Mtoto pia ni mzuri.

Lakini kuna swali moja linalonikosesha usingizi, nalo ni hili: ni nani aliyekwenda kutazama? Septemba 2015 kampuni ya Volkswagen ilikuwa imewekwa mbele ya watengenezaji wote wa magari katika fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones, na mwezi ule ule serikali ya Marekani ikabainisha kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa yametiwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Mei 2022 polisi wa Ujerumani waliingia katika ofisi za DWS, Frankfurt, kampuni ya kusimamia mitaji iliyosifu ukijani wa mifuko yake kupita ulivyokuwa. Mwaka uliofuata ikatozwa Marekani faini ya dola milioni 19, na mwaka 2025 Wajerumani nao wakaitoza yuro milioni 25. Nanyi hamna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano, kwani ng'ambo ya pili ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam, katika Kigamboni, upo mji wa Dege, ambao kwa fedha za wachangiaji wa mfuko mwenzenu ulipewa jina la kimazingira kabla haujapewa mkazi, na ambao ujenzi wake ulisimama mwaka 2016, maghorofa yake yakabaki yakitazama bahari bila ya madirisha. Katika habari zote hizi fedha zilitangulia, na uhakiki ukafuata nyuma ukitweta.

Kwetu sisi wastaafu mambo ni kinyume. Kwetu uhakiki hutangulia, na fedha hufuata ikipenda. Mfuko unaotoa mabilioni kwa ahadi iliyochapwa vizuri hauwezi kumpa mzee pensheni ya mwezi mpaka aje na mwili wake, akaonyeshe kwamba roho bado imo. Na akija mwaka huu akaonekana, mwakani aje tena, maana uhai, kwa mujibu wa taratibu zenu, ni madai ambayo mdai wake hatakiwi kuaminiwa mara mbili. Wastaafu wenzangu wanalijua benchi lile, wanalijua dirisha lile, na wanaijua sauti ile inayouliza, "Mzee, kopi iko wapi?" Sina haja ya kuwaeleza.

Hapa nataka kusema jambo moja bila ya mapambo. Mwenzangu mmoja alishika jembe baada ya kustaafu, kwa sababu mlichompa hakikumtosha, na jembe likamsaga vidole mpaka mashine yenu ikashindwa kuzisoma alama zake. Mkamsimamishia malipo. Alikuwa mbele yenu, akipumua, akikohoa, akitaja majina ya shule alizofundisha, mkamwandika kuwa hajathibitika. Alipokufa kweli, na mjane wake akaja kudai haki yake, ofisi ile ile iliyokataa kuamini uhai wake ikakataa kuamini na kifo chake, kwa sababu herufi moja ilipungua katika cheti. Huo si utaratibu. Hiyo ni dhuluma, na anayeitenda anajua kwamba ni dhuluma, na mshahara anaoupokea kwa kuitenda unatoka katika jasho la aliyedhulumiwa. Mungu anaona.

Niwieni radhi. Kalamu imepanda sauti, nami naishusha, nikiomba kuwasilisha maombi yangu kwa utulivu unaostahiki barua ya kiserikali.

Ombi la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba kila hatifungani ya kijani, kila hisa iliyopewa daraja la uadilifu, na kila tani ya hewa ya ukaa iliyomo katika daftari lenu ije yenyewe, kwa miguu yake, kuhakikiwa. Ifike alfajiri, ijiandikishe katika ile karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mazoezi ambayo mlinzi huizungusha langoni, kisha saa nne iambiwe kwamba karatasi ile haitambuliwi na foleni inaanza upya kwa upande wa kivuli, ambako jua limekwisha kuhamia. Ije na barua ya mtendaji wa kata ya mahali ilipozaliwa, yenye picha iliyogongwa mhuri nusu juu ya uso na nusu juu ya karatasi. Na picha yenyewe iwe na mandhari ya buluu, na kama ni nyeupe, irudi ilikotoka hata ikiwa imetoka Luxembourg.

Ikiwa ni hatifungani ya kupanda miti, mti uje. Asije mwakilishi wa mti, wala ripoti ya mti, wala mshauri mwelekezi aliyeutazama kwa setilaiti akiwa ng'ambo, kwa maana sisi haturuhusiwi kutuma wajukuu. Mti uje na cheti cha kuota, na jina lililomo katika cheti lilingane herufi kwa herufi na jina lililomo katika ripoti. Kama ripoti imesema mvule na cheti kimesema mvuli, uende kwa wakili ukale kiapo kwamba mvule na mvuli ni mti mmoja, ulipie, urudi. Uweke tawi juu ya kioo cha mashine. Mashine ikikataa, uambiwe ujipanguse umande ujaribu tena. Ikikataa mara ya pili, uulizwe, kwa sauti itakayosikiwa na ukumbi mzima, kama una hakika ya kuwa ni wewe. Saa saba karani atoke kwenda kula, nao mti ukae pale benchini, umepakata mizizi yake, ukisogea kidogo kila apitapo mwenye mop na ndoo.

Nayo tani ya hewa ya ukaa, ambayo inasemekana ilizuiwa isitoke, iletwe mizanini mbele ya mashahidi wawili wasio jamaa zake. Na ikitoa udhuru kwamba haiwezi kuja kwa kuwa haikutokea, ijibiwe kwa upole kama tunavyojibiwa sisi, kwamba hilo linaeleweka lakini utaratibu ni utaratibu. Mwisho wa foleni asimame bwana mkurugenzi wa kampuni ya kusimamia mitaji, aliyeruka kwa daraja la kwanza kuja kutufunza kupunguza moshi, naye, akilifikia dirisha, aambiwe mtandao hauko, arudi Jumatatu. Na Jumatatu aambiwe jalada lake limehamishiwa Dodoma. Baada ya hayo, akirudi na barua zote, picha zote, mihuri yote na miti yote, nitakuwa wa kwanza kusema kwamba hatifungani yake iko hai na inastahiki senti zangu.

Wala isidhaniwe kwamba mimi ni adui wa jambo lenyewe. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji wetu wa Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili ipanue kazi ya kuzalisha na kusambaza maji. Na hiyo ninaisifu, si kwa kuwa ni ya kwetu, bali kwa kuwa ina anwani: mwenye shaka hupanda daladala akauliza bomba limefika wapi. Mwaka 2023 benki ya CRDB iliomba shilingi bilioni 40 kwa hatifungani yake ya kijani ikapewa bilioni 171.8, na mwaka mmoja kabla yake NMB ilikuwa imepata zaidi ya ilichoomba kwa hatifungani ya kuwakopesha wanawake wafanyabiashara. Watu, basi, hawakosi nia ya kukopesha kheri. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha kheri yenyewe ilipo baada ya kukopeshwa, na mtu huyo, Waheshimiwa, kwa upande wa senti zetu, alipaswa kuwa ninyi.

Ombi la pili ni dogo. Maadamu mnatafuta rasilimali zisizochafua hewa, niandikeni mimi mwenyewe katika orodha: gari sina, ndege naiona kwa juu, nyama naila kwa nadra, na taa naizima mapema kwa hofu ya kumaliza yuniti za Luku. Sijui kampuni yoyote ya kimataifa yenye rekodi safi kuliko yangu, na rekodi hii imeandaliwa na ninyi wenyewe.

Ombi la tatu ni juu ya kikokotoo cha mafao, nalo nitalipita upesi, kwa kuwa kidonda hakikwanguliwi mbele ya wageni. Mwaka 2018 mkupuo anaolipwa mstaafu ulishushwa hadi robo ya mafao, hatua hiyo ikazuiwa Desemba ya mwaka ule ule kwa amri ya Rais, mkupuo ukapangwa upya 2022 kuwa asilimia 33, kisha 2024 ukaongezwa, wengine 40 na wengine 35. Na kila uliposhushwa tuliambiwa ni kwa ajili ya uhai wa Mfuko. Naomba kujua: uhai huo wa Mfuko nao huhakikiwa kila mwaka, na kwa alama za vidole vya nani?

Ombi la nne, semina za uendelevu zifanyiwe ukumbini mwenu, penye feni. Ombi la tano, kitabu cha mwakani kichapwe kwa karatasi nyepesi, ili kifae kufungia dagaa.

Najua mtasema maombi haya ni mengi, na kwamba mstaafu anayejua hisani husubiri. Basi yaondoeni yote mniachie moja. Tangazeni mahali zilipo fedha zetu, kila hatifungani na kijiji chake, kila mradi na njia ya kuufikia, ili sisi wenyewe, ambao mmetuzoesha safari, foleni na njaa ya mchana, twende tukahakiki. Hatutadai posho. Mradi tutakaoukuta tutauandikia cheti kwa mwandiko mzuri, maana wengi wetu tulikuwa walimu. Na ule ambao hatutaukuta tutausimamishia malipo pale pale, bila ya notisi na bila ya kuupa kiti, hadi utakapokuja wenyewe kututhibitishia kwamba uko hai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tanga.

Nakala: Mtendaji wa Kata, kwa ajili ya mhuri.