Uwanja Usio na Nje

Aliyeandika kwamba mechi za mchujo zichezwe bila mashabiki, naapa hajawahi kukanyaga Kangemi. Huwezi kumfungia mtu nje ya uwanja kama uwanja wenyewe hauna nje. Wetu hauna ua, hauna lango, hauna hata kamba. Una magoli mawili, moja mwamba wake umepinda kama uta, una vumbi jekundu, halafu una njia. Njia hiyo inakata katikati kuelekea stejini na ilikuwako kabla ya timu yoyote kuwaza kucheza hapo. Mama anatoka sokoni na gunia la sukuma kichwani, refa anapuliza filimbi, mpira unasimama. Mama anapita polepole, anamwona kipa, ambaye ni mtoto wa dadake, anasimama kumuuliza kama amekula na kwa nini hapokei simu za nyanyake. Huyo si shabiki. Ni mpita njia, na agizo halikumtaja.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa 2021, soka ilipokuwa imefunguliwa kidogo baada ya kufungwa kabisa. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, 2020, na baada ya hapo hata watoto walinyang'anywa mpira wa makaratasi. Ligi kuu ikakatizwa, shirikisho la soka la Kenya, FKF, likawatawaza Gor Mahia mezani, na wanaume wa mtaa wetu wakahamia Belarus, nchi iliyokataa katakata kusimamisha ligi yake. Mtu asiyejua Minsk iko upande gani wa Naivasha alikuwa akikueleza, akiwa na uhakika wa daktari, kwa nini Dinamo Brest hawezi kushinda ugenini. Mechi za Belarus uliweza kuzibetia. Timu yetu ya Nairobi Magharibi, iliyokuwa ikijaribu kuingia katika kombe lililodhaminiwa na kampuni ya kamari, hukuweza kuiwekea hata shilingi kumi. Nililalamika. Nikaambiwa nishukuru.

Basi masharti yakaja. Kwanza, bunduki ya kupima joto. Aliyeishika alikuwa kijana mwenye koti jeupe ambaye, siku nyingine za wiki, huuza kava za simu. Akawapiga wachezaji wetu kwenye paji la uso mmoja mmoja, akaandika: 32, 31, 33. Kwa hesabu ya chombo kile, kikosi chetu chote kilikuwa kimekufa tangu juzi, ila hakuna aliyezuiwa kucheza. Pili, sanitaiza, iliyoongezwa maji hadi ikafaa kunywewa. Tatu, barakoa kwa wote walio kwenye benchi. Kocha wetu hutukana kwa ufasaha mkubwa, na ile barakoa ikamfanya asieleweke. Beki wa kulia alidhani anapongezwa, akaendelea kupanda mbele. Tukafungwa kupitia upande wake.

Nne, daftari. Kila aliyefika uwanjani aandike jina, nambari ya kitambulisho na ya simu. Tukaandika. Lakini nani angempelekea daftari yule wa ghorofa ya tano? Maana uwanja wetu umezungukwa na maploti, na siku ya mechi kila baraza lina watu kuliko nguo zilizoanikwa. Mlinzi wa ploti moja alianza kutoza shilingi ishirini kupanda hadi paani, penye matangi ya maji. Afisa wa mechi akiwa chini, akitazama usawa wa macho yake, aliandika katika ripoti kwamba hapakuwa na mashabiki. Goli lilipoingia, mbingu ikapiga kelele.

Msidhani ni sisi tu. Januari 10 mwaka huohuo, huko Crosby karibu na Liverpool, timu ya daraja la nane iitwayo Marine iliwakaribisha Tottenham katika raundi ya tatu ya Kombe la FA. Mashabiki hawakuruhusiwa. Majirani wakasimama katika bustani zao, wakatazama juu ya ua, dunia nzima ikawaona kwenye televisheni na kusema jamani, inapendeza. Marine wakafungwa 5-0 lakini wakauza tiketi za mtandaoni zaidi ya 30,000, kila moja pauni 10, kwa ajili ya mechi ambayo mwenye tiketi hangeingia. Mweka hazina wetu aliposoma habari hiyo usingizi ulimruka. Akaanzisha tiketi za M-Pesa. Iliuzwa moja, kwa shemeji yake, na shemeji akaidai pesa yake siku hiyohiyo alipogundua mechi inaonekana bure kutoka dirisha la jikoni kwake.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba korona, kwa jinsi ilivyoelezwa, ilikuwa na chuki ya binafsi dhidi ya mpira. Niende mjini kuchapisha fomu za wachezaji: barabara ya Tom Mboya watu wamebanana hadi huwezi kujua unatembea au unabebwa. Hapo salama. Nipande matatu ya 46: nauli imepandishwa kwa sababu ya kubeba abiria wachache, na abiria hao wachache wamejaa hadi mlangoni. Namuuliza makanga, kijana wangu, mbona bei ya nafasi na nafasi yenyewe sipewi? Ananiambia, "Mzee, songa kidogo, kuna mama anaingia." Hapo pia salama. Na Jumapili, kwenye uwanja uleule tuliokatazwa kuleta watu, mheshimiwa mmoja alipanda juu ya gari kuupigia debe mpango wa BBI wa kubadilisha katiba, na umati ukajaa hadi kwenye kona zote nne. Siku iliyofuata mwingine akaja kuipinga, na umati uleule ukarudi. Hakuna aliyewapima joto. Labda wangepatikana wazima.

Kuhusu kafyu sina la kusema. Ya serikali ilikuwa saa nne usiku, nasi hatuna taa, kwa hiyo yetu huanza jua likizama. Mchujo ule uliisha kwa penalti gizani. Kipa aliruka kwa kusikiliza sauti ya mguu. Tulitolewa, na sitaki kuulizwa kuhusu penalti ya tatu.

Machi 25 Harambee Stars wakatoka sare ya 1-1 na Misri pale Kasarani, Mo Salah akiwa uwanjani na viti vikiwa tupu. Mkenya anangoja maisha yake yote Salah aje Nairobi, halafu anaambiwa amtazame kwa runinga kama yuko Anfield. Kesho yake Rais Kenyatta akafunga Nairobi na kaunti nyingine nne, na michezo ikafungwa tena. Ilifunguliwa Mei.

Fainali ya kombe lile lililotutoa ikachezwa Nyayo, Julai 4, nayo ikawa dabi ya Mashemeji. Hebu fikiria: Gor na Ingwe, yaani AFC Leopards, tiketi ya Kombe la Mashirikisho la Afrika ikiwa mezani, na uwanja mtupu. Wale mashabiki unadhani walikwenda wapi? Kusali? Uwanja wenye hewa, upepo na viti vya maelfu ya watu uliachiwa ndege, sisi tukaingia katika kinyozi kimoja cha Kawangware chenye viti viwili, tukaizunguka simu moja iliyopasuka kioo. Dakika tisini, hakuna goli. Shabiki wa Ingwe nisiyemjua alikuwa amekaa mapajani mwangu. Penalti zikaanza, Gor wakashinda 4-1, huyo jamaa akalia begani kwangu na kupenga kamasi kwa barakoa, sijui yake au yangu.

Ndipo mwenye kinyozi akafunga mlango kwa ndani na kutangaza kwamba hakuna atakayetoka bila kunyolewa, kwani tumemharibia biashara mchana kutwa. Nikavua kofia nimwonyeshe kipara. Akakitazama, akawasha mashine, akasema ndevu ni shilingi mia moja.