Utukufu wa Gari Lililokatwa Springi

Watu wamezoea kusifu vitu vinavyorudisha faida. Shamba lina wa kulisifu, kiwanja kina wake, hata bodaboda ya mkataba haikosi wa kuipigia debe. Mimi leo nina deni la sifa kwa kitu ambacho hakijawahi kumrudishia mwenyewe hata nauli ya daladala: gari lililopambwa. Nasema lile lililoshushwa mpaka tumbo linakwangua matuta, lililovishwa rimu za inchi 17, lililofungwa ekzosi yenye mdomo kama chungu cha pilau, na kutiwa tinti hadi dereva mwenyewe usiku anashusha kioo ili aone anakokwenda.

Nilikuwa nalo. Toyota Mark II, GX110, namba B, rangi ya fedha, injini ya 1G yenye silinda sita, ambayo fundi wa Gerezani huifungua huku akibishana mpira. Nililinunua kwa shilingi 7,200,000 likiwa kama lilivyotoka Japani, kimya na lenye haya. Ukimya ule ndio ulioniudhi. Nilikuwa nafika nyumbani hakuna anayegeuka. Jirani alinisalimia kama mtu aliyeshuka kwenye bajaji.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo. Kwa hiyo mali yangu ilipotea kwa habari kamili, zenye tarehe na saini za mafundi.

Tuanze na springi, maana huko ndiko utukufu ulikoanzia. Fundi mmoja chini ya mwembe alizikata kwa grainda kwa shilingi 60,000, kabla chai ya saa nne haijaiva. Springi ikikatwa haifupiki tu, huwa ngumu pia, na shokapu iliyozoea nafasi yake hugonga mwisho kila ukikuta shimo. Miezi miwili baadaye nilikuwa nanunua shokapu nne. Miezi minne baadaye tairi zilikuwa zimelika upande wa ndani zikabaki nyuzi, kwa sababu gari likishushwa bila kurekebishwa alaimenti magurudumu husimama kama mtu aliyetanua miguu akisubiri kudaka mpira. Tazama ukarimu wa shilingi 60,000! Muuza shokapu alikula, muuza tairi alikula, fundi wa alaimenti alikula, na fundi wa mwembeni nilimpelekea tena gari akale kwa mara ya pili. Serikali imeandika sera ngapi za ajira, na mimi nilifanya yote hayo kwa grainda moja.

Rimu nazo. Rimu pana na tairi nyembamba ni pambo la wenye imani, kwa maana mpira unaotenganisha chuma na shimo la barabara umebaki unene wa maandazi mawili. Kila nikitoka Mwenge kwenda Tegeta nilikuwa nasali kimoyomoyo. Gari la kawaida halimfundishi mtu kusali. Tairi za nyuma fundi alinipa saizi kubwa kidogo kuliko kipimo, akasema zitajaza nafasi. Zilijaza kweli, zikawa zinasugua madigadi kila nikipakia abiria wawili. Tena tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali kuliko ile spidimita iliyopangiwa, kwa hiyo mshale wangu ulisema 50 wakati tochi ya askari ilisema 53. Nikalipa faini ya shilingi 30,000, nikaingia kwenye orodha ya wajenzi wa taifa.

Ekzosi sina haja ya kuisifu sana, ilijisifu yenyewe. Haikuongeza nguvu ya gari hata chembe, iliongeza habari. Mke wangu alikuwa anajua nimevuka taa za Sinza, anapasha chakula. Siku nyingine ilimjulisha nimezima gari mahali ambapo sikutarajiwa kuwa, lakini hilo tuliache. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: gari langu lilijitembeza mtaa mzima saa sita za usiku, likiwaamsha watoto wa watu.

Baada ya hapo nikafunga sabufa mbili zilizokula buti lote, na fundi redio akakata nyaya za kiwandani akaziunga kwa selotepu. Nikabandika bodikiti ya plastiki. Nikaweka taa za nyuma za kioo cheupe, zile ambazo dunia nzima inaziita za Altezza tangu gari hilo litoke mwaka 1998, na ambazo kwenye Mark II hukaa kama meno ya bandia ya mtu mwingine. Mwisho nikapuliza rangi ya bluu. Daftari likafunga hesabu kwa shilingi 4,540,000, mbali na bei ya gari. Betri ikaanza kufa kila Jumatatu asubuhi.

Kisha ikaja siku ya kuuza.

Dalali alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno, kama shehe anayetafuta kibla. Mnunuzi wa kwanza akabisha mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza puti chini ya rangi. Akachukua kadi, akasoma rangi ya fedha, akaangalia gari la bluu, akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayerudisha posa. Wa pili aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Kaka, ekzosi yake ya kiwandani iko wapi?" Nilikuwa nimeiuza chuma chakavu. Wa tatu hakutaka hata kuliwasha. Alisema gari lililoshushwa limekimbizwa, na gari lililokimbizwa hata likikudanganya ukalinunua, injini itakuja kukwambia ukweli.

Nilimweleza dalali kuwa ukijumlisha, gari limenigharimu 11,740,000. Akaniuliza kwa upole, "Umejumlisha na nani?" Wiki ile ile alikuwa ameuza GX110 ya mama mmoja, mwaka ule ule, vitambaa vya kufuma vikiwa bado kwenye viti, kwa 6,200,000. Mimi nilipata 5,400,000, baada ya kukubali kuongeza tairi la akiba. Yaani yule mama alilipwa shilingi 800,000 kwa kazi ya kutokufanya chochote, na mimi nilikatwa kwa bidii yangu. Halafu mtu anasema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukitaka kujua soko la mtumba linavyofikiri, lione kule linakoanzia. Kwenye minada ya Japani kila gari huja na karatasi ya mkaguzi, na mchoro wa bodi uliojaa herufi ndogo: A1 ni mkwaruzo mdogo, U1 ni bonde dogo, W ni mahali palipokarabatiwa pakaacha mawimbi. Mkwaruzo wa ukucha unaandikwa na unahesabiwa. Gari linapofika Dar es Salaam karatasi huwa imeshapotea, lakini tabia inabaki: tunalipia kile ambacho hakijaguswa. Ndiyo maana matangazo yetu yote yana neno moja, "injini haijaguswa", na hakuna tangazo linalojivunia kwamba springi zimeguswa. Mamlaka ya Mapato nayo, ikithamini gari la mtumba, inaangalia aina, mwaka, ukubwa wa injini. Sabufa haina kisanduku kwenye mfumo wao. Bima kubwa ndiyo kabisa. Usipowaeleza ulichobadilisha, siku ya ajali umewapa kalamu ya kuandikia "hapana".

Wapinzani wangu watanitajia Nairobi. Ni kweli, kule nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Rongai yenye michoro, taa na muziki unaotikisa ubavu hujaza abiria upesi huku matatu tupu ya rangi moja ikibaki inaita. Sheria za Waziri Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliziweka matatu zote chini ya mstari wa njano, na michoro ikarudi kwa ruhusa ya Rais Kenyatta mwishoni mwa mwaka 2014, kwa sababu vijana waliochora walikuwa na kazi. Lakini sikilizeni vizuri: nganya hurudisha pesa yake ikiwa kazini, kiti kwa kiti. Ikizeeka, michoro ya msanii wa mwaka juzi inakuwa gharama ya kupaka upya.

Watanitajia Arusha pia. Kule Land Cruiser hukatwa chasi ikarefushwa, ikawekwa viti zaidi na paa la kufunguka ili mgeni asimame amtazame simba. Gari hilo linauzwa kwa bei nzuri, na anayelinunua analipia hata lile paa, maana analihitaji kesho asubuhi. Ndivyo ilivyo na Hiace ya mizigo iliyokatwa madirisha ikafungwa viti. Hayo ni mabadiliko yanayolipatia gari ajira, na kwa hiyo mimi siyasifu. Hayana ushairi. Yanarudisha chenji kama duka la Mangi. Mimi nasifu yale yanayompa mwenye gari raha na mnunuzi hasara ya kuyaondoa, na ambayo kwa ajili hiyo hayawezi kuuzwa, yanaweza tu kutolewa bure.

Hapo ndipo utukufu wake ulipo. Nitajieni mahali pengine mjini ambapo mtu humkabidhi mtu asiyemjua mali ya milioni nne na nusu, asimwandikishe, asimpige picha, na aombe radhi juu. Matajiri wakitoa sadaka huita kamera. Kijana wa gari lililopambwa hutoa yake juani, kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, huku akipigwa punguzo. Wajanja wapo, najua: hao huweka rimu za kiwandani stoo wakiwa wamezifunika gunia, na siku ya kuuza hurudisha gari kama lilivyokuja, kisha wakauza rimu, sabufa na spoila kimoja kimoja kwa vijana wengine. Wanaokoa sehemu nzuri ya pesa yao. Sina ugomvi nao, ila sidhani kama kuna mtaa utakaowakumbuka.

Mimi baada ya kuuza nilinunua Noah. Mama watoto alichagua. Mimi nilishika funguo. Ni gari la shule, la msiba na la sokoni, na kwa miezi mitano nililiendesha kwa utulivu wa mtu aliyetubu. Kisha Jumamosi moja nikapita Gerezani kutafuta pedi za breki. Mbele ya duka, zimepangwa juu ya boksi, zilikuwa rimu nne za inchi 17. Moja ilikuwa na mkwaruzo wenye umbo la mwezi mchanga. Mkwaruzo ule naujua. Niliupata kwenye ukingo wa barabara ya Shekilango nikikwepa mbuzi.

Muuzaji alisema zimetoka kwenye Mark II ya bluu. Aliyeinunua alizing'oa siku ya tatu na kurudisha za kawaida. Nikamuuliza bei. Ilikuwa ndogo kuliko niliyolipa, kubwa kuliko niliyorudishiwa. Nikauliza kama zitaingia Noah. Nati tano, akasema, kipimo kile kile, zinaingia kama zimezaliwa humo. Na zikaingia.

Nauza Toyota Noah, namba C, rimu za spoti, haidaiwi, imeshushwa kidogo tu mbele. Maongezi yapo.