Msafara wa Bibi Kasa

Bibi Kasa wa Chole alikuwa na kazi ambayo mnyama mwingine yeyote wa Mafia hakuiweza: kufundisha kupiga picha chini ya maji. Kila mwaka, tangu Oktoba hadi Machi, papa potwe husogea karibu na pwani ya Kilindoni kula uduvi, na huo ndio msimu aliokuwa akipakia wanafunzi kwenye jahazi. Kwanza aliwapitisha kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole. Akawashusha Mlango wa Kinasi maji yanapojaa, kwa kuwa yakianza kutoka mkondo humvuta mpiga mbizi hadi bahari kuu. Siku za mwisho aliwazungusha upande wa Kilindoni kuonana na potwe wenyewe.

Nafasi zilikuwa sita. Jahazi lingebeba ishirini, na wengi walimlaumu kwa hilo, lakini Bibi alikuwa na hesabu yake. Mkifika kwenye tumbawe ambalo samaki mdogo kuliko ukucha amejificha ndani yake, ni mmoja tu anayeweza kulisogelea. Atulie, aweke flashi yake ubavuni, apige, atazame alichopata, arekebishe, apige tena. Zamu ikimfikia wa sita, wa kwanza ameshakaribia kuishiwa pumzi. Wakiwa kumi na wawili, nusu watarudi na picha za visigino vya wenzao. Mimi namuunga mkono Bibi bila kusita. Mwalimu anayepanua darasa kwa sababu tu mlangoni pamejaa watu ameacha kufundisha, sasa anauza tikiti.

Mwaka ninaousimulia, alitangaza kwamba majina yangeandikwa pwani ya Utende, jua likichomoza, siku ya kwanza ya bamvua la mwezi mwandamo. Kila jina na arbuni yake, kauri kumi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, Mamba wa Rufiji alivuka mlango bahari na gunia la kauri. Alikuwa ameshalipa arbuni ya safari nyingine mbili za msimu uleule, nia yake ni kuchagua baadaye ipi itampendeza. Hapo Utende alilalia nafasi tatu: yake, na mbili za ndugu zake, ambao hakuwa amewauliza. Tumbili naye alijipanga na kushika mbili kwa majina ya binamu zake, ambao hata maji ya magotini waliyaogopa. Ya sita ilikuwa ya Mzee Kiboko. Yeye alisafiri kila mwaka na hakuna aliyekumbuka nafasi yake ilianza lini.

Kenge alifika jua linachomoza, kama alivyoambiwa, na kauri zake kumi mkononi. Akakuta orodha imefungwa.

Mamba akamcheka mbele ya wote. "Wanasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Huu sio huo!"

Waliokosa waliondoka wakilaani. Kuna aliyesema Bibi ana upendeleo, kuna aliyesema picha za chini ya maji ni upuuzi tangu mwanzo. Paa na Komba waliandikisha majina kwenye orodha ya akiba, wakaenda zao. Kenge alibaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nafasi zimekwisha, umeona mwenyewe."

"Nimeona. Niandike nami kwenye akiba, nyuma ya Komba. Ila nina swali. Ikitokea nimepata nafasi, utanikuta sijui nini?"

Bibi alimtazama kwa muda. Asubuhi nzima alikuwa ameulizwa orodha itafunguliwa tena lini, na kama kuna njia ya pembeni. Swali hili hakuwa ameulizwa.

"Kutulia," akasema. "Kamera mtu hununua. Nenda kwenye mikoko, shuka mpaka kiganja kimoja juu ya mchanga, ukae hapo pasipo kupanda wala kuzama. Ukiweza kuvuta pumzi kumi na mchanga usitifuke, njoo uniambie."

Kusi lote Kenge aliishi kwenye mikoko. Siku za mwanzo mkia wake ulivuruga tope mpaka kaa wakahama. Akajifunza kuuacha mkia ulegee na kujiinua kwa pumzi peke yake: akivuta, anapanda unywele, akitoa, anashuka unywele. Aligundua pia, kwa kupiga na kutazama, kwamba rangi nyekundu hufa mapema majini. Mita tano tu chini, kaa mwekundu alitoka picha ya kijivu, mpaka alipomulikwa kwa karibu. Na taa ikielekezwa mbele moja kwa moja, kila chembe ya tope kati ya kamera na kaa iling'aa, picha ikawa kama imenyeshewa unga. Akaisogeza taa pembeni, mbali na lenzi, vumbi likapotea.

Jioni alifungua kasha la kamera na kuutoa ule mpira mwembamba wa kuziba maji. Aliupitisha kati ya vidole viwili polepole akitafuta chembe ya mchanga, akaufuta, akaupaka mafuta kidogo, akaurudisha kwenye mfereji wake. Unywele mmoja ukibanwa pale, bahari inaingia na kamera imekufa. Nalitaja kwa sababu nimeona wengi wakihangaikia nafasi mwaka mzima na kuukumbuka mpira huo asubuhi ya kuondoka.

Kila bamvua alivuka hadi kwa Bibi, akamsalimia, akamwonyesha picha moja, akamjulisha kwamba bado yupo. Nafasi hakuigusia. Kauri zake kumi alizifukia chini ya mkoko na hakuzigusa.

Msimu ulipokaribia, mambo yakaanza kufumuka. Ndugu za Mamba walipoambiwa kwamba wana safari, walisema hawana haja nayo. Tumbili akaonekana sokoni Kilindoni akinadi nafasi zake kwa kauri thelathini kila moja. Komba, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye akiba, alichoka kusubiri. Akatumia arbuni yake na kukopa juu yake ili ainunue moja. Mlanguzi akapokea malipo akacheka.

Habari zikamfikia Bibi. Akaita kijiji kizima Utende.

"Jina lililoandikwa ndilo litakalopanda jahazini," akasema. "Lisipopanda, nafasi inarudi kwangu, nami nairudisha kwenye orodha kama ilivyo. Aliyenunua sokoni hakununua kwangu."

Majina manne yakafutwa, arbuni zake zikabaki kwa nahodha, ambaye alishanunua vyakula na tanga. Zilibaki siku tatu. Bibi akamtuma Popo, mwepesi kuliko wote pale Chole, awaite wa akiba. Paa alikuwa wa kwanza: kamera yake ilikuwa bado kwenye sanduku la dukani, hajaifungua. Komba hakuwa na kauri hata moja, na Tumbili hakupatikana tena. Kenge alikutwa mlangoni kwake, mzigo umefungwa.

Hawakuwapo wengine. Jahazi likang'oa nanga na Mamba, Kiboko na Kenge, nafasi tatu tupu. Hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki chote. Pwani ilikuwa imejaa waliolia kwamba hakuna nafasi, na nafasi zilisafiri bila mtu. Mwenye pupa alizishika mpaka dakika ya mwisho, na waliostahili kurithi hawakuwa tayari zilipoachwa.

Upande wa Kilindoni maji yalikuwa mazito kwa uduvi. Mto Rufiji humwaga rutuba yake ng'ambo ya mlango bahari ule, na bahari hiyo huwa hai mno lakini si angavu. Potwe mmoja alipanda karibu na uso wa maji, mdomo wazi, mrefu kuliko mashua. Mamba akajitupa mbele yake moja kwa moja na kuwasha flashi mara tatu. Potwe akainamisha kichwa na kuzama. Picha za Mamba zilitoka zote nyeupe kwa madoa: kila mdudu wa majini kati yake na papa alikuwa amemulikwa, na papa mwenyewe hayumo.

Kenge alingoja. Potwe wa pili alipokuja, alijiweka ubavuni, mbali naye kadiri ya mita nne, taa zimezimwa, akaogelea sambamba bila kumkata njia. Potwe hakubadili mwendo. Akapiga ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, mahali ambapo Bibi aliwaelekeza. Madoa ya pale hayafanani kati ya potwe na potwe. Wanasayansi wa binadamu humtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu huo, na hesabu wanayotumia kulinganisha madoa ilitungwa kwanza kwa ajili ya nyota. Bibi alipoiona picha ile jioni, aliichukua, akaiweka kwenye kumbukumbu zake, na akamwambia Kenge potwe yule ni yupi.

Waliporudi Utende, Mamba alisimama kudai haki. "Desturi ya safari zote kubwa ni moja. Waliosafiri mwaka huu ndio huulizwa kwanza kwa mwaka ujao. Mimi nimesafiri. Kenge naye amesafiri, anaweza kuniunga mkono."

Kijiji kikamgeukia Kenge, kwa kuwa desturi hiyo sasa ilimfaa na yeye.

"Mimi nilikuwa nyuma ya Komba kwenye orodha," Kenge akasema. "Kama nafasi zote sita zingekuwa za wakongwe, nisingeiona bahari hii mpaka Mzee Kiboko afe."

Kiboko aliguna. Bibi akakata shauri hapohapo: nafasi tatu za waliokwisha kusafiri, tatu za wageni, na hakuna kushika ya mwenzio. Naona ni uamuzi wa haki. Mkongwe ana ujuzi wa kumsaidia mgeni majini, na mgeni asipopewa mlango, ufundi huo utazeeka na wenyewe.

Mwaka uliofuata Kenge alikuwa miongoni mwa wale watatu wa kwanza. Masika ilibomoa shimo lake na kuzamisha mayai ya nyumbani kwake, na alipopiga hesabu aliona hataweza kusafiri. Ilikuwa bado imebaki miezi kadhaa. Hakungoja aone kama hali itabadilika. Alivuka siku hiyohiyo hadi Chole, akamwambia Bibi, naye Bibi akamwagiza aipeleke habari mwenyewe kwa wa kwanza kwenye akiba.

Komba alikuwa juu ya mwembe. Kauri zake kumi, alizozikusanya upya moja moja, zilikuwa kwenye kifuko shingoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akashuka matawi mawili.

"Kinasi maji yanaanza kujaa saa ngapi wiki hiyo?" akauliza.