Sifa za Tope Lisilofaa Kitu

Tope la msituni lina jina baya. Halioti mahindi, halibebi trekta, halijengewi nyumba, na anayelikatiza hutoka na kiatu kimoja. Basi na lisifiwe, hasa lile la kusini mwa Marekani, kwenye misitu ya misonobari yenye sindano ndefu. Ni kipande tu cha mteremko, mara nyingi kidogo kuliko uwanja wa mpira, kinachotota bila mto wala ziwa.

Sifa yake ya kwanza ni ukaidi. Maji ya mvua huzama mchangani, lakini chini hukuta tabaka la udongo wa mfinyanzi lisilopenyeka. Yakinyimwa njia ya kushuka, hupita upande kwa upande, yakatokeza ubavuni mwa kilima na kuchuruzika taratibu.

Ya pili ni ufukara. Udongo wake una tindikali nyingi na naitrojeni haba, kwa hiyo wenyeji wameamua kuishi kwa ujambazi. Mmea uitwao Sarracenia leucophylla, wenye majani ya umbo la mtungi na kilele cheupe, humvuta inzi kwa nekta. Akiteleza ndani, vinyweleo vilivyoelekea chini humzuia kupanda, naye huishia kuwa mbolea. Ndani ya mitungi ya jamii hiyohiyo, viwavi wa nondo wa jenasi Exyra huishi salama, wakitafuna kuta za nyumba bila kulipa kodi.

Ya tatu ni kupenda moto. Kwa karne nyingi radi na wenyeji wa asili waliunguza misitu hii kila baada ya miaka michache. Moto ulipopita, vichaka vilirudi nyuma na jua likafika chini. Kisha wakaja watu wema, wakazima kila cheche. Vichaka vikanenepa, vikayanywa maji, vikaiwekea mitungi kivuli. Wema huo uliua vinamasi vingi, ukisaidiana na mitaro ya kukausha ardhi.

Mizinga, ajabu, imekuwa mlezi bora. Kipepeo wa Mtakatifu Fransisi anajulikana kuishi mahali pamoja tu duniani: kambi ya jeshi ya Fort Bragg, North Carolina. Huko moto unaowashwa na makombora, pamoja na mabwawa yanayojengwa na wanyama waitwao biva, huyaweka wazi majani mabichi ya bondeni anamozaliana.

Naye chura wa miti Dryophytes andersonii, kijani mwenye mistari ya zambarau, hulia kama bata katika vinamasi vya Florida. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliwaorodhesha vyura hao wa jimbo hilo kuwa hatarini kutoweka. Mwaka 1983 ikawaondoa, baada ya watafiti kuingia matopeni na kugundua makazi mengine mengi. Chura hakuwa amepotea, ila hakuna aliyetaka kuchafua suruali.

Tope hili halidai bajeti ya kutisha. Mwenye msitu na azibe mitaro, achome kwa mpango na kwa zamu, awazuie nguruwe-mwitu wanaolichimbua. Na mnunuzi wa maua, akiiona mitungi hiyo dukani, amuulize muuzaji imekatwa wapi.