Leo Unasoma Nini?

Kabla hajanituma sokoni, mke wangu huniuliza kwanza, "Leo unasoma nini?" Nikijibu kwamba ni Elvis Musiba, anatumwa mtoto. Bado anaikumbuka wiki niliyomaliza Kufa na Kupona, nikawa siwezi kukaa mahali pasipo kuuona mlango. Kwa mama lishe nilichagua benchi la mwisho kabisa, nikaegemea ukuta ili adui asinijie kwa nyuma. Ukuta ulikuwa turubai. Nilitokea upande wa pili, ndani ya beseni la kuoshea vyombo, na mchuzi wa dagaa ukanifuata hukohuko. Willy Gamba, jasusi wa kitabu hicho, angenyanyuka na bastola. Mimi nilinyanyuka na ukoko.

Madhara ya Muhammed Said Abdulla ni ya polepole. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na mpaka leo ukikimaliza unajiona umezidi akili. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hapigani wala hakimbizani na mtu. Anavuta kiko chake, anawaza, kisha anawaeleza watu mambo yaliyokuwa mbele ya macho yao muda wote. Basi nyumbani sukari ikaanza kupungua. Kiko sina, nikatafuna mswaki. Nikawahoji watoto mmoja mmoja, nikakagua vikombe, nikaandika nani huamka saa ngapi. Ushahidi ukanishika mkono, hatua kwa hatua, hadi mlangoni pa chumba cha wageni, alimolala mama mkwe. Katika vitabu nilivyosoma sikumbuki Bwana Msa kupewa kesi yenye mkwe ndani yake, na sasa naelewa kwa nini. Nilifunga jalada kwa kukosa ushahidi, nikanunua kilo mbili.

Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba nilikuwa naisoma tena Agosti 2022, mwezi wa sensa. Wakati mbaya kabisa. Asiyeijua tamthiliya hiyo ajue tu kwamba karani wa sensa anafika kijijini, anampenda binti wa watu, na makaratasi ya serikali yanaishia motoni. Karani wetu alikuwa kijana mpole, kakumbatia kishikwambi chake. Nilikaa katikati yake na mpwa wangu tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Aliuliza kaya ina watu wangapi, nikamuuliza anataka wote au wasioolewa. Kishikwambi nacho kilinikatisha tamaa: baba mwenye hasira zake angewashia wapi kiberiti?

Nagona ya Kezilahabi niliinunua kwa sababu ni nyembamba. Mzee niliyekaa naye kwenye foleni ya benki aliniuliza inahusu nini. Nikamwambia kuna mtu yuko safarini, anatafuta. "Anatafuta nini?" Nikamjibu kwamba na mimi natafuta. Aliniheshimu sana, akanipisha mbele.

Ila kilichonifedhehesha hadharani ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Ilikuwa jioni, kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nami nimebahatika kiti. Yule mwandishi hamwonei msomaji huruma hata kidogo. Kabla hatujafika Tazara machozi yalikuwa yananitiririka. Mama wa kiti cha pembeni akanigusa bega. "Pole, baba. Umefiwa?"

Akili yangu ilikuwa bado kitabuni, nyumbani kwa Maksuudi. "Hapana, mama. Ni Maimuna."

"Kapatwa na nini?"

"Baba yake. Kamfungia ndani tangu utotoni, hata njia hazijui. Na mama mtu kapewa talaka."

Daladala za Dar es Salaam hazina siri. Kijana aliyening'inia kwenye bomba akasema mzee wa hivyo dawa yake ni dawati la jinsia, kesho asubuhi, asisubiriwe. Dada mmoja akauliza kama mtaa huo hauna mjumbe. Mzee mwenye kofia ya kiua akajaribu kumtetea Maksuudi, kwamba kulea binti zama hizi ni kazi. Alizomewa mpaka tukaupita uwanja wa ndege. Konda akakataa nauli yangu. Na niseme kweli, nimewahi kuhudhuria mijadala ya fasihi yenye maikrofoni na maji ya chupa, na haikuifikia ile. Wahakiki wetu wangepanda daladala kidogo. Yule mama aliuliza, "Na huyo mkewe, miaka yote hiyo anayaona, hakusema kitu?" Swali zito. Nikafungua kitabu kutafuta jibu, na kila mtu akaniona nikifunua kurasa.

Kijana wa kwenye bomba aliinama, akasoma jalada, akaninyookea. "Mzee, kwani Maimuna yumo humo?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama aliondoa mkono begani. Tulipokaribia Banana konda akaja, kiganja wazi, anagonganisha sarafu.

"Nauli, mzee. Na ya Maimuna."